Kabla ya Kubonyeza "Tuma"

Ngaramtoni ina siku mbili za soko, Alhamisi na Jumapili, na siku hizo mbili ndizo zinazonilisha. Nina kibanda cha steshenari hatua chache kutoka barabara ya Namanga: kompyuta moja ya mezani, printa, mashine ya fotokopi inayopenda kula karatasi mvua ikinyesha, na benchi la wateja. Watu wanashuka kutoka vijiji vya juu na maharage na viazi, wakimaliza kuuza wanakuja kwangu na karatasi zao. Barua za kuomba kazi, kadi za mchango wa harusi, mihtasari ya vikao vya ukoo. Na karatasi za mashamba, hizo ndizo nyingi.

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana bila hilo mimi mtu wa mihtasari nisingekuwa na sababu ya kuandika habari za vyombo vya angani.

Mwaka 2021 alikuja mama mmoja wa Kiarusha, mjane, mtu mzima sana. "Takwenya, yeyo," nikamsalimia. "Iko," akaitika, akakaa. Alikuwa na karatasi ya mgawanyo wa shamba kwa wanawe wawili, imeandikwa kwa kalamu na mjukuu kwenye ukurasa wa daftari la shule. Shamba lenyewe linakatwa na mfereji. Mkubwa apewe mashariki ya mfereji, upande wa mlima. Mdogo apewe magharibi, upande wa Monduli. Benchi lilikuwa limejaa siku hiyo. Nikachapa, nikatoa kopi tatu, nikamkabidhi. Yeyo hajui kusoma. Akaishika ile karatasi kwa mikono miwili akaniuliza, "Umesoma, mwanangu?"

Nikamwambia nimesoma. Sikuwa nimesoma.

Nilikuwa nimechapa aya ya mtoto mkubwa, nikainakili kwa ajili ya mdogo, nikabadilisha jina na kuacha upande vilevile. Yaani karatasi ile iliwapa ndugu wawili ardhi moja, mashariki ya mfereji, na upande wa magharibi haukupewa mtu. Ikapigwa dole gumba, ikagongwa muhuri, ikafungiwa sandukuni. Miaka miwili baadaye mdogo akaitoa. Upande wa mashariki ndio wenye migomba na kahawa ya zamani. "Karatasi inasema mashariki," akasema, na kweli ilisema.

Suala lilifika mbele ya wazee mwezi Julai 2023. Nikaitwa nieleze. Usiku wa wiki hizohizo, nikiwa sina usingizi, nikakutana na habari kwenye simu: chombo cha Voyager 2 kilikuwa kimepotea kwa sababu ya amri iliyotumwa vibaya. Nikakaa kitandani. Kumbe kuna wachapaji wenzangu huko!

*

Tarehe 21 Julai 2023, wataalamu wa maabara ya JPL huko California walituma mfululizo wa amri kwa Voyager 2. Chombo hicho kiliondoka duniani Agosti 20, 1977, na wakati huo kilikuwa umbali wa takriban kilomita bilioni 19.9. Ndani ya mfululizo ule mlikuwa na kosa. Antena ya chombo ikageuka nyuzi 2 tu kutoka uelekeo wa dunia, na mawasiliano yakakatika. Nyuzi 2, msomaji. Ukinyoosha mkono mbele yako, ni kama upana wa kidole gumba.

Walikuwa na matumaini ya akiba: chombo hicho hujirekebisha chenyewe mara chache kwa mwaka kwa kutafuta uelekeo wa dunia, na zamu iliyokuwa inafuata ni Oktoba 15. Lakini hawakungoja. Wakatumia antena kubwa ya Canberra, Australia, wakapiga ukelele wa redio kwa nguvu zote, kumwambia mtu aliyekupa kisogo ageuke. Ukelele ule ulisafiri saa 18 na nusu kufika. Majibu nayo yana safari yake, kwa hiyo ikawapasa kukaa saa 37 kabla ya kujua kama wamesikika. Agosti 4 majibu yakaja.

Nilipomaliza kusoma nilikuwa na swali moja la kikazi. Nani anasoma kabla ya kutuma?

*

Nikaanza kutafuta, na nimetafuta kwa miaka kadhaa sasa, katikati ya kadi za harusi. Nilichogundua ni kwamba historia ya vyombo vya angani tunayosimuliwa ni ya maroketi, moshi na moto. Kuna historia nyingine nyuma yake, ya watu waliokaa na karatasi na kalamu nyekundu wakijiuliza: hii amri ikifika kule, itaeleweka vipi? Na jambo ambalo sikulitegemea, nyuzi mbili tatu za historia hiyo zinapita hapa kwetu.

Uzi wa kwanza uko Tunguu, Unguja. Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa bado inashika Zanzibar, iliwaruhusu Wamarekani kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, ule wa kuwapeleka Wamarekani wa kwanza kuzunguka dunia. Siasa za Zanzibar zilikuwa za moto kipindi hicho, na kituo kikalaumiwa mikutanoni, eti ni kambi ya makombora. Haikuwa kambi ya makombora. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipita juu ya Zanzibar akiwa peke yake ndani ya chombo chake, akazungumza na kituo, na daktari aliyekuwa pale akafuatilia mwili wake wakati akifanya mazoezi ya kuvuta kamba ya mpira.

Ila kuna kitu nilichokirudia mara mbili kukisoma. Vituo vya Mercury havikuwa na uwezo sawa. Baadhi, kama Bermuda, Hawaii na Muchea kule Australia, vilikuwa na mitambo ya kutuma amri: mtu akibonyeza swichi chini, kitu kinatokea juu. Tunguu haikuwa nayo. Kano, Nigeria, pia haikuwa nayo. Vituo vyote viwili vya bara letu na visiwa vyake vingeweza kusikiliza na kuongea, basi. Zanzibar ilikuwa sikio.

Mapinduzi yakaja Januari 12, 1964, na mwaka huohuo kituo kikafungwa, kazi yake ikahamia Madagascar.

*

Zama zile, kwa kweli, amri zenyewe zilikuwa chache na fupi. Nyingi zilitumwa papo hapo, na aliyetuma aliona matokeo ndani ya sekunde. Ukikosea unarudia. Shida ilianza vyombo vilipokwenda mbali kiasi kwamba hakuna papo hapo tena. Amri kwenda sayari ya Mars inachukua kati ya dakika 3 na 22 hivi, kutegemea sayari mbili ziko wapi. Voyager 2 ilipopita Neptune Agosti 25, 1989, redio ilichukua zaidi ya saa 4 kufika kule. Chombo kinapita mara moja, kwa kasi, hakirudi. Huwezi kusema "piga picha sasa". Inabidi uandike mapema kila kitu kwa saa na sekunde: saa fulani geuka, saa fulani fungua kamera, saa fulani hifadhi, saa fulani tuma nyumbani. Huo ndio mfululizo wa amri. Ni barua ya maagizo kwa msomaji asiyeweza kukuuliza "ulimaanisha nini?"

Sisi tunaoandika Kiswahili tunajua hatari hiyo bila kwenda angani. Tazama amri zetu: "uzime" na "usizime". Herufi mbili katikati, s na i, zimebeba maana yote. Zikidondoka wakati wa kuchapa, umemwamuru mtu afanye kile hasa ulichomkataza, na sentensi bado inasomeka vizuri kabisa, haina hata mstari mwekundu chini yake. Msahihishaji wa kawaida hawezi kulikamata. Anayeweza ni yule tu anayejua kwamba taa hiyo haitakiwi kuzimwa.

Kwa ajili ya Voyager, JPL walikuwa na programu za kompyuta za kazi hiyo, kila moja na zamu yake. Moja iliitwa SEQGEN. Wanasayansi walileta maombi yao, na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi, maana huyu anataka kamera iangalie mwezi wa Triton na yule, dakika ileile, anataka chombo kigeukie kwingine. SEQGEN iliyapanga maombi kwa saa, ikayapanua kuwa amri kamili, ikakagua kama yanavunja sheria za chombo. Iliyofuata, SEQTRAN, ikazigeuza amri kuwa namba ambazo kompyuta ya chombo inazielewa. Na nyingine, COMSIM, ikajifanya ndiyo kompyuta ya chombo: ikazitekeleza amri hapahapa duniani, moja baada ya nyingine, ili watu waone zitafanya nini kabla hazijatumwa.

Hizo sheria za chombo ndizo zilizonivutia kuliko yote. Usiielekeze kamera kwenye jua. Usiwashe vifaa hivi viwili pamoja, umeme hautatosha. Usimpe kazi mpya yule ambaye hajamaliza ya kwanza. Programu inabeba orodha ya makatazo hayo, na inakumbuka hali ya chombo kila sekunde: kimeelekea wapi, nini kimewaka, umeme unatumika kiasi gani. Inasoma mfululizo wote ikiuliza kila mstari, je, kwa hali itakayokuwepo wakati huo, hili linawezekana?

Ungeipa karatasi yangu ya 2021, ingesimama aya ya pili. Kitu kimoja, wenye wawili. Ingekataa.

*

Sasa tuje kwa waliotuma bila kusoma.

Wengi wanaijua hadithi ya Mariner 1, Julai 22, 1962, chombo cha kwanza cha Marekani kilichokusudiwa Venus. Roketi iliyumba ikabidi ilipuliwe dakika 5 hivi baada ya kuruka. Inasimuliwa kuwa ni kistari kimoja kilichokosekana kwenye programu ya kuiongoza, na utaikuta simulizi hiyo kila mahali. Lakini ile ilikuwa programu ya roketi, si amri kwa chombo kilicho safarini, na simulizi zake zinapingana. Inayonikosesha usingizi ni Phobos 1.

Warusi walikirusha chombo hicho Julai 7, 1988, kiende kuchunguza Mars na mwezi wake uitwao Phobos. Mwishoni mwa Agosti, mtu aliyekuwa kwenye zamu kituoni alichapa mfululizo mrefu wa amri na akaacha alama moja. Moja tu. Kulikuwa na kompyuta ya kusahihisha, ambayo kila amri ilipaswa kupita kwayo kwanza. Siku hiyo ilikuwa mbovu. Utaratibu ulimtaka mtu angoje itengenezwe. Hakungoja, akatuma.

Ile amri iliyopungukiwa alama haikukataliwa na chombo. Ilikuwa na maana nyingine kabisa. Iliamsha programu ya majaribio ya kiwandani iliyokuwa imeachwa kwenye kumbukumbu ya kudumu, kitu ambacho hakikutakiwa kuguswa safarini, nayo ikazima injini ndogo zinazokiweka chombo sawa. Chombo kikaanza kuzunguka polepole, paneli zake za sola zikaacha kulitazama jua, betri zikaisha. Tarehe 2 Septemba walipokiita, hakikuitika, na hakijaitika hadi leo.

Namfikiria sana mtu yule. Pengine foleni ilikuwa imejaa. Pengine aliulizwa "umesoma?" akasema nimesoma. Watu wanapenda kucheka hadithi hii, kosa la herufi moja na hasara kubwa vile, lakini mimi siwezi. Na ukiitazama vizuri, herufi peke yake haikuua chombo. Wachapaji wote wanaacha herufi, ndiyo maana pale kulikuwa na mashine ya kusahihisha. Kilichoua ni kumruka msomaji wa pili.

Wamarekani nao wana yao. Viking 1 ilitua Mars mwaka 1976 ikafanya kazi miaka 6. Novemba 1982 wakaitumia maagizo mapya ya kuchaji betri zake zilizozeeka, kwa nia njema kabisa. Maagizo yakaandikwa juu ya sehemu ya kumbukumbu iliyokuwa inaiambia antena wapi pa kuitafuta dunia. Mawasiliano yakakatika. Ni kama kumtumia baba yako kijijini ujumbe wa simu unaofuta namba yako.

*

Nimesema kuna nyuzi za kwetu. Ya pili ni ya Pwani ya Kenya, na hii naipenda.

Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio waliweka majukwaa ya chuma baharini: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilipaa kutoka hapo. Ile maarufu ilipaa Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, na Marjorie Townsend, mama aliyeongoza mradi kwa upande wa NASA, akaipa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kutazama mbingu kwa eksirei, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miali hiyo. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Giacconi alisimulia kwamba baada ya roketi kuondoka, yeye na Townsend waliingia kwenye boti ya mpira wakakimbilia kambi ya nchi kavu, na hawakuwa na subira ya kungoja ratiba. Walitaka kujua kama vifaa vimepona safari. Wakaviwasha mapema, wakaona vinafanya kazi, wakapumua. Nikisoma hapo huwa natabasamu na kukunja uso kwa pamoja. Hao ni watu wakubwa, wenye kila programu na kila utaratibu, na bado mikono iliwawasha. Kwao ilikwenda salama. Kwa yule wa Phobos haikwenda.

Lakini tazama tena mahali amri zilipoandikwa. Roketi ilipaa Kenya, jina ni la Kiswahili, ila shughuli za kila siku za Uhuru ziliongozwa kutoka Goddard, Maryland.

Na si mambo ya kale tu. Kituo cha Malindi kipo hadi leo, chini ya shirika la anga la Italia. Darubini ya Swift, iliyopaa Novemba 20, 2004, imekuwa ikikitumia kama kituo chake kikuu cha kushushia data na kupandishia amri. Darubini za NuSTAR na IXPE nazo zinatumia Malindi. Mfululizo wa Swift unaandaliwa Chuo Kikuu cha Penn State, wa NuSTAR Berkeley, wa IXPE Boulder, Colorado. Unakaguliwa hukohuko, unasafiri kwa waya hadi pwani yetu, na antena ya Malindi inautamka. Swift hupita juu ya ukanda wetu wa ikweta mara kwa mara, pengine hata juu ya kibanda changu wakati natoa kopi za vitambulisho.

Tunguu ilikuwa sikio na Malindi ni mdomo. Mkono unaoandika ulibaki kwingine kwa miaka zaidi ya hamsini. Sisemi hili kwa kulalamika. Mkono hauji kwa kupewa jukwaa wala antena. Unakuja kwa kukaa chini na kujifunza kuandika amri ambayo ukikosea, ni wewe uliyekosea.

*

Na kukaa huko kumeanza. Kenya walipeleka setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 11, 2018, kisha Taifa-1 iliyopaa Aprili 15, 2023. Rwanda wana RWASAT-1 ya mwaka 2019. Uganda waliwapeleka wahandisi vijana watatu Japani, Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, wakashiriki kuitengeneza PearlAfricaSat-1, iliyoachiwa angani Desemba 2, 2022, na serikali ikaandaa kituo cha kuiongozea Mpoma, Mukono. Tanzania bado, ingawa mipango imetangazwa.

Magazeti yaliandika habari hizo kwa lugha ya kasi na fahari: tumefika angani. Sawa, hongera, mimi pia nilifurahi. Ila nilichotamani kusoma hakikuandikwa. Nilitamani mwandishi mmoja aende Mpoma akamuulize kijana aliyeko zamu: amri yako ya leo nani ameisoma kabla yako? Mna sheria ngapi za chombo, na nani alizitunga? Programu yenu ya kukagua ikiharibika saa nne usiku na setilaiti inapita saa nne na dakika kumi, mnafanyaje? Kwa setilaiti ndogo ya mzunguko wa chini dirisha la kuongea nayo ni dakika chache tu kila inapopita, na hapo ndipo kishawishi cha kutuma bila kusoma kinapokuwa kikubwa.

Watu hudhani programu hizi zimekuja kuchukua nafasi ya binadamu. Historia yake haioneshi hivyo. Magari ya Spirit na Opportunity yalipotua Mars Januari 2004, timu ilitumia programu iitwayo MAPGEN kupanga kazi za kila siku. Programu ilipendekeza mpango usiovunja sheria, binadamu akausogeza huku na huku kulingana na anachotaka, na programu ikamwonya akivuka mstari. Walikuwa wakisomeana, huyu anajua makatazo yote kwa moyo, yule anajua kwa nini tumekwenda Mars. Na mfululizo wa Voyager wa Julai 2023 haukuandaliwa na watu wasio na zana, ni maabara ileile ya SEQGEN, na bado nyuzi 2 zikapenya.

*

Mbele ya wazee nilisema ukweli. Nilisema yeyo aliniuliza kama nimesoma nikamdanganya. Kukawa kimya, kisha mzee mmoja akasema kwa Kiarusha maneno ambayo sikutafsiriwa, wengine wakaguna. Karatasi ya daftari ilipatikana kwa mjukuu, na iliandika mashariki na magharibi kama yeyo alivyotaka. Mdogo akakubali, kwa mdomo. Ikaandikwa hati mpya, si na mimi. Nasikia mkubwa na mdogo wanasalimiana kwenye misiba tu.

Tangu hapo kibandani kwangu karatasi ya shamba haichapishwi mpaka mtu mwingine, si mimi, aisome kwa sauti mbele ya mwenyewe. Wateja wengine wanakereka, wanasema nawachelewesha, wanaenda kibanda cha jirani. Pesa imepungua kidogo siku za soko.

Alhamisi moja mwaka jana yeyo alikuja. Sikutegemea. Alikuwa na kijana wa kidato cha pili, yule mjukuu wa daftari, sasa amekuwa mrefu. Walitaka hati ya kumkodisha jirani kipande cha chini. Nilichapa polepole. Nilipomaliza, nikamgeuzia kijana kioo cha kompyuta, akaanza kusoma. Yeyo alifumba macho. Kila mpaka ulipotajwa, kidole chake kilitembea hewani: upande wa mlima, kisha kwenye mfereji, kisha chini kwenye masale, kisha upande wa Monduli. Katikati kikasimama.

"Rudia hapo," akasema.

Kijana akarudia.